Marashi ya Chambo: Kupika Harufu ya Kupaka Chambo cha Mpira kwa Kamba, Ngisi na Papai Bichi

Chambo cha mpira, yaani vile visamaki na vikamba vya plastiki laini vinavyouzwa kwa paketi, kina umbo, kina rangi na kinacheza vizuri majini, ila hakina ladha. Samaki akikidaka hugundua mara moja kwamba si chakula, akakitema hata kabla mkono haujahisi kitu kwenye mshipi. Kazi ya marashi iko hapo hapo: kumchelewesha asiteme. Sekunde mbili tatu zaidi zinatosha kukaza mshipi na kumnasa. Muuzaji akikuambia kichupa chake kitamwita samaki kutoka Manda hadi Shela, huyo anauza maneno.

Karibu kila kinachohitajika kinapatikana sokoni Lamu au Malindi, na sehemu kubwa ni taka: vichwa vya kamba, matumbo na ngozi za ngisi, papai ambalo halijaiva. Kinachokosekana kwa kawaida ni kujua kwa nini kinawekwa hiki na si kile, basi tuanzie hapo.

Anachonusa samaki

Pua ya samaki haikuungana na koo kama yetu. Samaki wengi wana vitundu viwili kila upande wa pua. Maji huingia kwa kimoja na kutokea kwa kingine. Kwa hiyo hunusa kilichoyeyuka majini. Mafuta hayayeyuki. Ukichovya chambo kwenye mafuta matupu ukakitupa, mafuta yanapanda juu na kutandaa kama utando wenye rangi za upinde wa mvua, na chewa aliyejificha chini ya mwamba hapati chochote. Mapishi mengi yanakosea hapa: yananuka vikali jikoni, mpishi anaridhika, na baharini ni kimya.

Vinavyomgusa samaki mla nyama ni asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, hasa alanini, glisini, prolini na ajinini, pamoja na betaini. Kamba, ngisi, pweza na kaa wamejaa vitu hivyo, ndiyo maana kipande cha ngisi hakijapata mshindani. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya asidi hizo zimefungwa ndani ya protini, na protini nzima ni nyuzi ndefu zisizosambaa majini kwa urahisi. Zinahitaji kukatwakatwa, na anayezikata tunaye tayari: papai bichi, lile lile ambalo wapishi wa pwani hulainishia nyama na pweza. Utomvu wake mweupe una kimeng'enya kiitwacho papaini. Papai likiiva utomvu hukauka na nguvu hiyo hupotea, kwa hiyo papai la njano halina kazi hapa.

Maji ya kamba, msingi wa yote

Vipimo vya upishi mmoja:

- Vichwa na maganda ya kamba, gramu 500
- Matumbo na ngozi za ngisi au pweza, gramu 250 (kifuko cha wino kitoe, ukiweke kando bila kukipasua)
- Papai bichi, gramu 100, likwanguliwe pamoja na ganda lake
- Maji, mililita 500
- Chumvi, itapimwa baadaye

Vifaa ni blenda au kinu, sufuria, kitambaa cha kuchujia tui na hotpoti ya zamani ambayo mwenye nyumba ameshaikatia tamaa. Usichukue ile nzuri. Haitarudi kuwekewa chapati.

Vichwa vya kamba ndivyo vyenye mali kuliko nyama ya mkiani, kwa sababu ndani yake mna ini na vimeng'enya vya kamba mwenyewe. Viwe vibichi. Kamba aliyeanza kuwa mweusi kichwani bado anafaa, lakini akishatoa harufu inayochoma pua, mwache. Ile harufu si asidi amino tena, ni asidi amino zilizooza, na samaki wengi wa mwambani hawaitaki.

Kama vilikuwa kwenye barafu, viache nje vifikie joto la kawaida, nyuzi 28 hivi kwa siku ya wastani Lamu. Hili lina sababu. Saga kamba na matumbo ya ngisi mpaka wawe kama uji mzito, mimina kwenye hotpoti. Chemsha yale maji mililita 500, yakitokota yamwagie juu huku unakoroga kwa nguvu. Gramu 750 za rojo la nyuzi 28 zikikutana na nusu lita ya maji yanayochemka, mchanganyiko hutulia karibu nyuzi 55, na hapo ndipo papaini inapofanya kazi kwa kasi. Sasa tia papai, koroga, funika. Ukianza na kamba wa barafu mchanganyiko utatua kwenye nyuzi 40 na kazi itakwenda kwa kusuasua.

Acha saa 3. Kila nusu saa funua ukoroge mara moja, funika. Ukitia kidole kwenye rojo la nyuzi 55 utakitoa haraka. Ukiona unaweza kukiacha humo bila kuhangaika, limepoa, basi limimine sufuriani, uitie sufuria hiyo ndani ya maji moto dakika 10, kisha ulirudishe kwenye hotpoti. Utaona mabadiliko: mwanzoni linashikamana na mwiko, mwishoni linatiririka kama maji machafu ya rangi ya chungwa, na vipande vya ngozi ya ngisi vimekuwa vilaini vya kupondeka kwa vidole. Hiyo ndiyo dalili kuu, kuliko saa.

Hamishia sufuriani, uchemshe kwelikweli dakika 10. Povu litapanda, liondoe. Kuchemsha huku si kwa ajili ya usafi peke yake. Vimeng'enya vinapaswa kufa. Visipokufa vitaendelea kula kila utakachotia baadaye: papaini itaila jelatini kama utaitumia, na vimeng'enya vya matumbo ya ngisi vitaula wanga, kisha utashangaa jeli iliyokuwa nzito jana leo ni maji.

Chuja kwa kitambaa, kamua kama unavyokamua nazi. Utapata kati ya mililita 600 na 800. Pima ulichopata, halafu tia gramu 20 za chumvi kwa kila mililita 100. Chumvi ya mawe ya Gongoni inafaa kabisa. Koroga mpaka iyeyuke yote. Kipimo hiki kinaleta chumvi ya asilimia 16 na ushei, na hakikuchaguliwa kwa kubahatisha: bakteria wanaotoa sumu ya botulizimu huzuiwa na chumvi ya asilimia 10 ndani ya maji, kwa hiyo una nafasi ya kuongeza vitu vingine bila kushuka chini ya mstari huo. Anayepunguza chumvi kwa kuihurumia ndiye ambaye chupa yake huvimba na kupasuka kabatini.

Yakipoa, mafuta mekundu yataelea juu. Yaengue uyahifadhi, yatatumika. Maji yatie kwenye chupa ya kioo, andika kwa kalamu nene SI CHAKULA pamoja na tarehe. Yana rangi ya mchuzi na yananukia kama mchuzi, na mtu mwenye mzio wa kamba hastahili kugundua kwa ulimi. Kwenye friji yanakaa miezi 3; kabatini, mahali penye kivuli, wiki 3 au 4.

Jeli

Maji ya kamba yanatoka kwenye plastiki kwa mtupo mmoja, kwani plastiki hii hainywi maji. Lazima yashikizwe. Njia rahisi ni wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini wa kukazia supu, si wa ugali.

Chukua mililita 250 za maji ya kamba. Toa 50 uzikoroge na gramu 25 za wanga, baridi, mpaka visiwepo vidonge. Zile 200 zichemshe, kisha mimina wanga taratibu huku ukikoroga. Hapa wengi huharibu. Chumvi inachelewesha wanga kukaza: uji wa kawaida ungekuwa mzito tayari, huu bado ni mwepesi, na mpishi anaongeza wanga. Usiongeze. Acha utokote, endelea kukoroga dakika 2 au 3, utakaza wenyewe na rangi nyeupe ya maziwa itageuka ya kung'aa. Aliyeongeza wanga hupata kitu kama kashata ikishapoa.

Epua, acha ipoe mpaka iwe vuguvugu, halafu tia mililita 50 za glisirini ya duka la dawa na kifuko kimoja cha wino wa ngisi. Glisirini inazuia jeli isikauke juani na isitoe maji ikikaa kwenye friji. Wino nao una asidi amino zake, na unaipa jeli weusi unaokuonyesha kwa macho kama bado imebaki kwenye chambo. Ukitaka thomu, yaani kitunguu saumu, ponda punje 3 utie sasa, si wakati wa kuchemsha, maana harufu ya thomu huzaliwa inapopondwa na hufa motoni. Sifa ya thomu ni kubwa kuliko kazi yake. Faida yake ya kweli ni kufunika harufu ya petroli na sabuni iliyo mikononi mwa mvuvi.

Uzito sahihi: geuza kijiko, jeli ianguke kwa kusitasita kama asali ya asubuhi. Ikidondoka mara moja ni nyepesi. Isipoanguka kabisa, ongeza kijiko cha chai kimoja kimoja cha maji ya kamba. Itie kwenye chupa ya kuminya yenye mdomo mwembamba, ile ya tomato ikishakwisha.

Kabla ya kupanda chomboni ijaribu nyumbani. Jaza mtungi wa kioo kwa maji ya bahari, paka chambo, kining'inize kwa uzi. Jeli nzuri hutoa moshi mwembamba unaoshuka taratibu, kwa kuwa ina chumvi nyingi na ni nzito kuliko maji ya bahari. Ikitoka yote kwa dakika moja, ongeza wanga gramu 5 katika upishi ujao. Ikiwa baada ya dakika 10 hakuna moshi wowote, ni ngumu mno na haimsaidii samaki.

Mafuta ya shamari na unga wa uduvi

Tumesema mafuta hayamfikii samaki, lakini yana kazi mbili: yanazuia vyambo visishikane, na yanashika unga. Mililita 200 za mafuta ya simsim, gramu 30 za shamari zilizopondwa, gramu 20 za uduvi wakavu. Tia kwenye kopo, kopo ulitie ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, saa 1. Chuja. Ongeza yale mafuta mekundu uliyoengua, na tumbua kidonge kimoja cha vitamini E humo ili yasichache mapema. Shamari inabeba anetholi, ile ile iliyomo kwenye anisi ambayo wavuvi wa nchi nyingi huisifu. Simsim inapendelewa kwa kuwa haichachi upesi. Mafuta ya nazi yananukia vizuri, lakini chini ya nyuzi 24 yanaganda, na ukiyatoa kwenye friji unakata kwa kisu.

Usitie thomu mbichi wala nyama mbichi ya aina yoyote kwenye mafuta haya. Ndani ya mafuta chumvi haiyeyuki na hewa haiingii, na hayo ndiyo makao anayoyapenda yule bakteria wa botulizimu. Vikavu tu.

Unga ni mwepesi: kaanga uduvi bila mafuta dakika 2, wapoe, saga, chekecha kwa chekeche ya unga wa ngano, changanya sehemu 3 za uduvi na 1 ya chumvi laini. Usipochekecha, chembe kubwa huanguka kwenye mtupo wa kwanza.

Ukitaka mafuta na maji vishikane, kiini kimoja cha yai kinatosha: kipige na mililita 50 za maji ya kamba, kisha dondoshea mililita 100 za mafuta polepole mno huku unapiga, mpaka upate rojo zito la rangi ya maziwa. Hili majini hutoa wingu jeupe badala ya utando, na ni zuri sana. Lakini ni la siku hiyo hiyo. Likibaki jioni, mwaga.

Sifa, yale mafuta ya ini la papa yaliyokuwa yakipakwa vyombo, inatajwa mara nyingi na wazee kama dawa ya kila kitu. Kwa chambo cha mpira haina cha ziada, na papa wenyewe wamepungua vya kutosha. Karafuu ni jambo jingine kabisa: usiikaribishe. Mafuta ya karafuu ndiyo wafugaji wa samaki wanayotia majini kumlaza samaki usingizi wakitaka kumpima, na chambo kinachomtia mtu ganzi ya mdomo hakialiki mgeni.

Kukiandaa chambo chenyewe

Kwanza jua una plastiki gani. Nyingi ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta maalumu. Nyingine, TPE, inavutika mara nyingi ya urefu wake bila kukatika na huelea ikitupwa majini bila ndoana. Hizi mbili hazikai pamoja. Zikigusana sandukuni zinayeyushana, na siku ya tatu unakuta donge moja linalonata. TPE ipake jeli tu. Mafuta yanaweza kuivimbisha. PVC inastahimili yote mawili.

Osha vyambo kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo sana, suuza mara tatu, anika kivulini. Sabuni ikibaki umejitengenezea kifukuza samaki. Halafu kamata wembe, upasue tumboni mwa chambo mkato mmoja wa sentimita 1, kina cha milimita 3, kwa urefu wa mwili na si kukingama. Mkato wa kukingama unakatika kwenye mtupo wa tano. Ndani ya mkato shindilia pamba kidogo, kiasi cha punje ya mchele, uiloweshe maji ya kamba kwa sindano au kwa ncha ya chupa. Hiki ndicho kisima. Jeli ya nje ikioshwa, pamba inaendelea kuvuja. Ukitaka kuchagua hatua moja tu katika mwongozo huu, chagua hii.

Vyambo vya PVC vinaweza kulala kwenye mafuta ya shamari usiku mmoja. Zaidi ya siku mbili tatu vinaanza kuvimba na kulegea, mkia unapoteza mchezo. Rangi moja chombo kimoja: nyekundu ikilala na nyeupe, kesho zote ni za waridi.

Sanduku lenyewe litazame chini kwenye ile pembetatu yenye namba. Namba 5 na 2 ni salama. Namba 6, ile plastiki ngumu ya kung'aa inayopasuka kama kioo, italiwa na chambo mpaka itobokee. Chupa ya kioo ya jemu yenye mdomo mpana inashinda zote, na haikugombanishi na marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Kenya 2017.

Majini

Marashi yana maana pale samaki anapopata muda wa kufikiri. Ukivuta kwa kasi kumchokoza kolekole au tengesi, yeye hushambulia kwa macho, na jeli unaipoteza bure. Ukivua chini, polepole, kando ya mikoko au mwambani, kwa changu na chewa, hapo inalipa. Malindi, mvua zikishuka na mto Sabaki kuigeuza ghuba kuwa rangi ya chai ya maziwa, samaki haoni mbali na harufu inachukua nafasi ya macho. Wakati wa kaskazi, maji yakiwa safi kama kioo, rangi na ukubwa wa chambo vina uzito zaidi.

Kwenye mkondo wa Mkanda na vijito vya mikoko ya Lamu, muda mzuri ni maji yanapoanza kupwa. Maji yanatoka mikokoni yakibeba vikamba, na samaki wanasubiri mdomoni mwa kijito wameelekea mkondo. Tupa upande wa juu wa mkondo kuliko walipo, uache chambo kishuke taratibu na mkondo, ili harufu ifike kabla ya chambo. Ukisimama upande wa chini ukavuta kwenda kwako, chambo kinafika kwanza na harufu inabaki nyuma. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, mkondo unapasua harufu vipande vipande, basi paka kila mitupo 10. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, inatosha kila mitupo 20. Kila ukipaka jeli, kausha kwanza chambo kwa kitambaa, pitisha tone la mafuta (kwa PVC tu), nyunyiza unga, ndipo jeli juu. Jeli juu ya plastiki yenye maji inateleza yote.

Kuhusu mipaka: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, hakuna kuvua kwa namna yoyote, na ya Watamu ni vivyo hivyo. Kwenye maeneo ya akiba yanayozizunguka, na kule Kiunga kaskazini ya Lamu, kuna masharti yake. Ulizia kwa maafisa wa wanyamapori kabla ya kutia ndoana. Chambo kilichochanika usikitupe baharini. Kasa hawezi kujua kwamba hicho ni plastiki, na safari hii umekipaka ladha.

Unataka kujua kama marashi yako yanafanya kazi au unajifariji? Fimbo mbili, chambo kile kile, rangi ile ile, uzito wa chubwi ya kuzamishia mshipi ule ule. Moja ina marashi, nyingine haina. Badilishana fimbo kila nusu saa, hesabu midono na walionaswa mbali mbali, na usitoe hukumu kabla ya maji mawili kamili, yaani kujaa na kupwa mara mbili. Ukiona midono ni sawa lakini walionaswa ni wengi upande wa marashi, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mambo yanapoharibika

Mkia wa chambo umekatwa nusu duara safi, kama kwa mkasi: huyo ni bunju. Marashi humvutia yeye pia, na hana msaada ila kuhama mahali. Chambo kikilala chini muda mrefu kaa nao watakinyofoa; kisogeze kila sekunde 10.

Jeli imetoa maji juu yake: imekaa kwenye baridi, koroga tu. Jeli imekuwa nyepesi yote na haikazi tena: hukuchemsha maji ya kamba vya kutosha, vimeng'enya viko hai. Chemsha upya maji yaliyobaki, jeli hiyo itumie leo leo. Ukungu wa kijani au mweusi juu: chumvi ni pungufu, au umechovya chambo chenye maji ndani ya chupa. Mwaga yote, usiengue juu ukadhani umepona. Daima minya jeli kwenda kwenye chambo, usichovye chambo kwenye jeli.

Mafuta yananuka kama rangi ya mbao: yamechacha kwa jua na hewa. Yaweke kwenye chupa ya rangi, ijae mpaka shingoni, mbali na dirisha. Chupa imevimba: ifungue nje, polepole, uso ukiwa pembeni, umwage, uchome kifuniko kwa maji yanayochemka.

Samaki wanadona bila kushika hata ukipaka vizuri: nusa mikono yako. Losheni ya jua, petroli ya injini, sabuni ya kufulia. Isugue kwa mchanga na maji ya bahari, kisha kwa ganda la kamba lililobaki.

Na ndoana. Jeli hii ni chumvi tupu, na ndoana ikilala nayo usiku mmoja asubuhi ina kutu kwenye kishikio. Toa ndoana kila jioni, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, ifute, ipake mafuta ya shamari kidogo. Vyambo virudi kwenye chupa yao, kifuniko kifungwe kwa skrubu, si kwa karatasi na mpira, na chupa ipande rafu ya juu kabisa. Aliyelala Lamu mjini na samaki nyumbani anajua kwamba paka wa pale hawabishi hodi.